Vijana wa gitaa, anzeni na fazi ya transista mbili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaopiga gitaa hapa Nairobi, na kupitia kwao niwafikie mafundi redio wenzangu. Nina kibanda Kariobangi Kusini. Hutengeneza amplifaya za makanisa na spika za bendi, na wikendi hupiga gitaa la solo katika bendi ya rumba na benga inayoalikwa harusini. Siku hizi vijana hunijia na mchoro wa saketi kwenye simu, na swali lao ni moja: "Fundi, nataka kujiundia fazi ya kizamani. Nianze na ipi?" Swali hili halijibiki vizuri mtu akiwa ameinamia meza na mteja mwingine anasubiri spika yake. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jibu langu ni hili: anza na ile iitwayo Fuzz Face, yenye transista mbili, vile vipande vidogo vinavyokuza umeme wa sauti. Iunde kwanza kwa transista za silikoni, na zile za jemaniamu, malighafi ya kizamani zaidi, uziache hadi ujue kupima. Nitaeleza kwa nini, maana naona wengi wanachagua kwa kufuata jina la mpiga gitaa maarufu bila kuuangalia muziki wanaoupiga wao wenyewe.

Kwa msomaji asiyepiga gitaa, fazi ni kisanduku kidogo kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, na swichi yake hukanyagwa kwa mguu. Kazi yake ni kuikuza sauti ya nyuzi kupita kiasi, hadi wimbi la sauti likatwe bapa juu na chini. Sikioni inafika nene, yenye mkwaruzo, ikivuma kama nyuki waliochokozwa mzingani, na noti moja hukaa muda mrefu kabla haijafifia.

Wengi hudhani chombo hiki kimetoka kwa watu wa roki. Kimetoka Nashville, katika muziki wa kantri, huo huo unaopendwa sana Nyeri, Nakuru na Eldoret. Mpiga gitaa Grady Martin alikuwa akirekodi besi katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, chaneli moja ya mitambo ya studio ikaharibika na besi ikatoka imekwaruzika vibaya. Wakaiacha hivyo hivyo katika rekodi, na watu wakaipenda. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaketi akaunda saketi ya transista ya kuiga ule uharibifu, kampuni ya magitaa ya Gibson ikaichukua, na mwaka 1962 ikaingia madukani kwa jina Maestro Fuzz-Tone. Ilikuwa na transista tatu za jemaniamu na ilitumia volti 3 tu. Haikupata soko la maana mpaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia kurekodi.

Mwaka huo huo wa 1965, London, Gary Hurst alitoa Tone Bender. Mwaka 1966 kampuni ya Arbiter, ya London pia, ikatoa Fuzz Face katika kasha la duara lililofuata umbo la kitako cha stendi ya maikrofoni, na Jimi Hendrix akaibeba duniani kote. Mike Matthews wa New York akaja na Big Muff mwaka 1969. Na Afrika haikukaa pembeni. Wasikilizeni Wazambia wa miaka ya 1970, WITCH, Amanaz na Ngozi Family, mtasikia magitaa yaliyojaa fazi katika nyimbo za Kiingereza na za lugha za nyumbani. Nawaambia hivi kwa sababu kuna kijana aliyeniuliza kama si aibu kutia mkwaruzo kwenye muziki wa Kiafrika. Si aibu hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Maestro ina heshima yake ya kihistoria, lakini noti yake hukatika ghafla inapoanza kufifia, na transista zake tatu za jemaniamu si rahisi kuzipata kwa pamoja. Tone Bender ya aina ya pili nayo inadai tatu. Big Muff ni nzuri sana kwa anayetaka ukuta wa sauti, lakini ina transista nne, daiodi, na vipande vyote pamoja zaidi ya 40. Mwanafunzi akikosea waya mmoja hapo atatafuta kosa mpaka akate tamaa, na nimeona wengi wakileta mbao zilizoungua wakiwa wameshaichukia kazi yenyewe.

Fuzz Face ina transista 2, rezista 4 za kupunguza mkondo, kapasita 3 za kupitisha wimbi la sauti, na voliumu 2 za kuzungushwa. Vipande 11, ukiacha swichi, jaki (matundu ya kuchomekea waya) na betri. Rezista ni za ohmu 33k, 8.2k, 470 na 100k (k ni elfu). Kapasita ni za mikrofaradi 2.2, 20 (leo utauziwa ya 22, haina neno) na 0.01. Voliumu ni ya 1k kwa mkwaruzo na ya 500k kwa ukubwa wa sauti. Hivyo vyote utavipata Luthuli Avenue kwa asubuhi moja, na bei yake yote pamoja haikaribii hata kidogo ile ya fazi moja ya kuagiza ng'ambo. Transista ya kwanza inakuza, ya pili inakuza tena, na ile rezista ya 100k inarudisha kidogo cha ya pili kwenye mlango wa ya kwanza ili zote mbili zitulie. Unaweza kuifuata njia ya sauti kwa kidole kutoka jaki hadi jaki bila kupotea. Hakuna saketi nyingine ya kizamani inayomfundisha mtu mengi hivi kwa vipande vichache hivi.

Lakini sababu kubwa ni muziki wetu. Gitaa la benga linakimbia noti moja moja, linamjibu mwimbaji, halafu mwishoni linaachiwa uwanja. Katika rumba tunapenda kupiga nyuzi mbili kwa pamoja, sauti ya tatu au ya sita. Ukikanyaga fazi hapo, noti mbili zinagongana ndani ya saketi na kuzaa nyingine ambazo hukuzipiga, na wimbo unachafuka. Kwa hiyo tunahitaji fazi inayoweza kunyamazishwa na kurudishwa papo hapo, bila kutafuta swichi kwa mguu gizani.

Fuzz Face inafanya hivyo, na kwa maoni yangu inafanya vizuri kuliko zote. Mlango wake wa kuingilia unaivuta moja kwa moja pikapu ya gitaa, ile sumaku yenye koili iliyo chini ya nyuzi, hata gitaa na kisanduku vinakuwa kama saketi moja. Iache fazi imewashwa, halafu shusha voliumu ya gitaa lenyewe kutoka 10 hadi 6 au 5. Mkwaruzo unaondoka, na inabaki sauti safi inayong'aa, kali kidogo juu, ambayo kwenye benga inakata katikati ya ngoma na besi bila kusukumana na mtu. Beti inapokwisha, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinaizungusha voliumu hadi mwisho na solo inalipuka. Big Muff haikupi hilo. Ukiishushia voliumu ya gitaa inabaki na mkwaruzo ule ule, ila mdogo.

Kwa sababu hiyo hiyo, fazi hii lazima iwe ya kwanza baada ya gitaa. Wapigaji wa kanisani wananiletea malalamiko kwamba wameiunda sawasawa lakini inalia kama bati na haisafiki wakishusha voliumu. Nikiuliza, wanatumia kile kifaa cha kupitisha sauti hewani badala ya waya. Kipokezi cha kifaa hicho kinaikata pikapu isishikane na transista ya kwanza, na ule uhusiano niliousema unakufa. Saketi haina kosa lolote. Chomeka waya wa kawaida.

Kuhusu silikoni na jemaniamu, watu wanabishana kama wa Gor Mahia na AFC Leopards. Fuzz Face za mwanzo zilikuwa na jemaniamu, na iliyosifiwa zaidi ni NKT275. Baadaye waundaji wakahamia silikoni kama BC108. Jemaniamu ina mkwaruzo laini, wa joto, na inasafika kwa urahisi zaidi ukishusha voliumu. Silikoni ni kali na ina nguvu nyingi. Mimi naipenda jemaniamu kwa moyo wote, lakini siwezi kumshauri anayeanza aitumie, na sababu ni hali ya hewa.

Transista ya jemaniamu huvujisha mkondo hata isipoamriwa, na mvujo huo huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Nairobi asubuhi ya Julai tunaweza kuwa na nyuzi 13, na alasiri ya Februari 28. Hapo mvujo umefika karibu mara tatu, transista ni ile ile na saketi ni ile ile. Fazi uliyoirekebisha ukiwa umevaa sweta inaanza kukohoa na kukatakata ukiipeleka kwenye harusi ya uwanjani Kitengela na jua la saa nane likalipiga kasha jeusi. Mpiga gitaa wa Mombasa ana taabu zaidi. Ndugu zangu wa pwani, kama hamna mahali pa kivuli jukwaani, silikoni ni yenu.

Silikoni haina tabia hiyo, transista zake ziko tele, na nyingi ni za aina ya NPN, kwa hiyo upande hasi wa betri ndio unaoshikana na kasha kama ilivyo kwa visanduku vingine vya gitaa. Ila tumia zenye nguvu ya kukuza ya wastani. Transista ya kwanza ikiwa kali kupita kiasi itanasa hata stesheni za redio. Dawa yake ni kapasita ndogo ya pikofaradi 100 kati ya besi na kolekta, miguu miwili kati ya mitatu ya transista hiyo (wa tatu ni emita), na kelele zinashuka.

Anayefika kwenye jemaniamu na ajifunze kupima kabla ya kutia solda, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo pesa nyingi za vijana zinapopotelea. Multimita, yaani kipima umeme, ya kawaida yenye tundu la kupimia transista inahesabu nguvu ya kukuza na mvujo pamoja, inakuonyesha namba kubwa na wewe unafurahi. Pima hivi. Kwa transista ya PNP, ambayo betri yake hugeuzwa kinyume cha NPN, unganisha emita na upande chanya wa betri ya volti 9. Kolekta iunganishe na upande hasi kupitia rezista ya 2.2k na ya 270 zikiwa zimefuatana. Weka multimita kwenye volti, ncha zake pande mbili za hizo rezista. Besi ikiwa haijashikana na kitu, soma volti: huo ni mvujo mtupu. Kisha leta rezista ya megaohmu 2.2 kutoka upande hasi uigusishe kwenye besi, usome tena. Toa namba ya kwanza katika ya pili, zidisha kwa 100, umepata nguvu halisi. Tuseme mwanzo umesoma 0.35, kisha 1.25. Nguvu halisi ni 90. Ile multimita ya tundu ingekudanganya ni 125 na zaidi.

Sasa ibane hiyo transista kati ya vidole viwili, bila kugusa miguu yake, ukiangalia namba. Utaiona ikipanda, 0.35, 0.38, 0.41, kwa joto la mkono wako tu. Ukiiachia, inarudi polepole. Kila kijana ninayemwonyesha hilo huelewa mara moja kwa nini nilimkataza kupima mara tu baada ya kutia solda. Iache ipoe kabisa.

Kwa transista ya kwanza tafuta yenye nguvu ya 70 hadi 80 hivi, na ya pili 110 hadi 130. Ukishaziunganisha, pima kolekta ya ya pili: panatakiwa volti 4.5 hivi, nusu ya betri. Zisipopatikana, ng'oa rezista ya 8.2k uweke voliumu ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, ya 10k au 20k, uizungushe hadi ufike hapo. Halafu sikiliza kwa masikio yako. Sikio likikuambia 5 ni tamu kuliko 4.5, lifuate.

Nimetaja pesa kupotea. Kijana mmoja wa Umoja aliagiza kutoka kwa muuzaji wa ng'ambo transista zilizoandikwa OC75, akalipa bei ya gitaa la mitumba. Tuliziweka kwenye kipimo cha daiodi mezani kwangu, zikasoma 0.65. Jemaniamu husoma 0.2 au 0.3 hivi, 0.65 ni silikoni iliyopakwa maandishi mapya. Alinyamaza kwanza, akaniuliza kama labda multimita yangu ni mbovu. Nilihuzunika, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya vibarua vya likizo nzima, na wakati huo huo transista halali za jemaniamu zinauzwa kwa kilo hapa hapa mjini kama vyuma chakavu.

Ndiyo, Mhariri, kwa kilo. Redio za transista zilizoingia nyumba nyingi za Kenya miaka ya 1960 na mapema 1970 zilijaa jemaniamu: OC44 na OC45 upande wa mawimbi, OC71, AC126 na AC128 upande wa sauti. AC128 huwa mbili zinazolingana kwenye hatua ya mwisho ya kusukuma spika, na ni transista bora kabisa kwa Fuzz Face. Redio hizo zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanachukua sumaku ya spika na shaba ya koili, ubao wenyewe wanautupa au wanauchoma. Nimewakuta wakiuchoma nikashindwa kuvumilia, nikanunua gunia zima. Hazitengenezwi tena kwa wingi kama zamani, na zilizopo ndizo zilizopo.

Mafundi redio wenzangu wa River Road, Ngara, Gikomba na mitaani, ombi langu ni kwenu. Ubao kama huo ukiwafikia, ng'oeni transista kabla hamjauza. Shikeni kila mguu kwa koleo kati ya mwili wa transista na chuma cha solda ili moto usipande, na muache miguu yake iwe mirefu, kwa sababu ikikatwa fupi haitumiki tena. Zile za kioo zilizopakwa rangi nyeusi, kama OC71, msizikwaruze: mwanga ukiingia ndani zinaanza kupitisha mkondo. Aina ya AF117 yenye miguu minne msiitilie sana maanani, ndani yake huota nywele nyembamba za bati zinazoshikanisha mguu na kifuniko. Na vijana, msifungue redio za valvu (mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista) zinazochomekwa ukutani bila fundi kuwa karibu. Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata zikiwa zimezimwa.

Kasha lisiwasumbue. Nendeni Kamukunji kwa mafundi wa bati, mpeni mmoja vipimo, atawakunjia sanduku lenye mfuniko wa skrubu na kuwatobolea matundu mkiwa mmesimama hapo. Chuma hicho ndicho kitakachozuia kelele za taa na simu. Muwe waangalifu na rangi tu, mahali jaki inaposhika kasha pakwanguliwe mpaka chuma kionekane.

Kwa betri, tumieni ya kawaida ya bei nafuu ya volti 9, ile ya kaboni. Saketi hii inakula chini ya miliampea 1, kwa hiyo itadumu miezi, mradi mchomoe waya wa gitaa mkimaliza. Na ile ya jemaniamu ya PNP msiichomeke kwenye adapta moja na visanduku vingine. Kwake upande chanya ndio unaoshikana na kasha, kwa wengine ni hasi, na zikikutana kwenye adapta moja ni shoti.

Mwenye transista asizojua kuzipima, za redio ya babu au za kununua, azilete kibandani Jumamosi asubuhi kabla sijaenda harusini. Nazipima bure. Nitakachoomba tu ni kwamba akishaiunda fazi yake, aje nayo pamoja na gitaa, tuichomeke.

Fundi na mpiga gitaa,
Kariobangi Kusini, Nairobi